Kubadilisha Hadi Diski ya Laptopu ya Zamani Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya jirani huuliza tena na tena kabla ya kufungua laptopu, na mara nyingi zaidi baada ya kuifungua. Yanahusu laptopu za kati ya mwaka 2008 na 2018 hivi: zile za ofisi za ng'ambo zinazouzwa kama "ex-UK", na zile za dukani zilizokuja na hadi diski (hard disk) ya kuzunguka. Kazi ya bisibisi ni ya robo saa. Kuhamisha mafaili ndiko kunakokula siku nzima, na ndiko kunakoliza watu, kwa hiyo kumepewa nafasi kubwa.

## Kabla ya kununua chochote

1. Laptopu inajikokota. Nitajuaje kama shida ni hadi diski?

Iwashe, ingoje dakika tano bila kufungua kitu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tazama safu ya "Disk". Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku "CPU" ikiwa chini, diski ndiyo inayokuchelewesha. Ikiwa "Memory" ndiyo iliyopita asilimia 90, shida ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine (swali la 3).

Sababu yake ni rahisi. Hadi diski ya mizunguko 5400 kwa dakika husoma faili moja kubwa kwa takriban MB 100 kwa sekunde, lakini mafaili madogo yaliyotawanyika huisomesha chini ya MB 2, kwa kuwa kichwa cha kusomea lazima kiruke huku na huku juu ya sahani. Windows ikiwaka huita maelfu ya mafaili madogo.

Polepole ni jambo moja, kufa ni jingine. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, na utazame mistari ya 05, C5 na C6. Hizo huhesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazokataa kusomeka. C5 ikiwa na namba inayopanda kila siku, acha kazi nyingine zote na utoe mafaili leo. Laptopu yenyewe pia husema: HP huonyesha kosa 301, Dell 2000-0142, ThinkPad 2100.

2. Je, SSD itasaidia kweli kwenye laptopu ya 2011?

Ndiyo, na pengine ndiyo pesa itakayofanya kazi kubwa kuliko nyingine yoyote utakayoitilia mashine hiyo. SSD ni diski ya chipu: haina sahani wala kichwa cha kuruka. Laptopu za zamani zenye kiunganishi cha diski cha SATA cha kizazi cha pili (gigabiti 3 kwa sekunde) huibana SSD hadi takriban MB 270 kwa sekunde, wakati SATA ya tatu huiachia hadi karibu 550. Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti ya hizo mbili, kwa sababu faida kubwa iko kwenye mafaili madogo.

SSD haitaongeza kasi ya prosesa, haitatengeneza Wi-Fi dhaifu, na haitafanya video ya mtandaoni iache kukwama kama bando ndiyo iliyoisha.

Kuna faida nyingine kwa anayesafiri. Hadi diski iliyo bado inazunguka ndani ya mkoba, juu ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo, iko hatarini: kichwa chake huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. SSD haijali mtikisiko huo.

3. Nianze na RAM au diski?

Ukiwa na GB 4 za RAM au zaidi, diski kwanza. Ukiwa na GB 2, zote mbili, la sivyo utashangaa kwa nini SSD mpya haikubadilisha kitu.

4. Laptopu yangu inachukua diski ya aina gani?

Hapa ndipo watu hununua kitu kisichoingia. Andika modeli kamili iliyo kwenye kibandiko cha chini, kisha utafute mwongozo wa matengenezo kwenye tovuti ya mtengenezaji. HP, Dell na Lenovo huutoa bure. Ukishindwa, fungua utazame kilichomo.

Nyingi za miaka hii zina diski ya inchi 2.5 ya SATA. Kiunganishi chake ni vipande viwili bapa vyenye umbo la herufi L: kifupi cha data chenye miguso 7 na kirefu cha umeme chenye 15. Ukiona safu mbili za pini ndogo zilizosimama kama meno ya kitana, hiyo ni IDE, ya kabla ya 2006 hivi, na SSD za kawaida haziingii hapo.

Pima pia unene. Hadi diski nyingi ni milimita 9.5 na SSD karibu zote ni milimita 7. Nyembamba huingia penye nene, lakini nene haiingii penye nyembamba: ThinkPad X220 na X230, kwa mfano, hukubali milimita 7 pekee.

Laptopu nyembamba za kuanzia 2013 hivi huweza kuwa na nafasi ya M.2, kijikadi kama kipande cha chingamu. Namba 2280 maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Tahadhari ni kwamba M.2 ni umbo tu. Ndani yake kuna njia mbili za kupitishia data, SATA na NVMe, na nafasi iliyotengenezwa kwa SATA pekee haitaiona NVMe hata ikiingia vizuri. Kuna pia mSATA, ambayo ni fupi na pana zaidi.

Mwisho, laptopu ndogo za bei ya chini zenye GB 32 au 64 mara nyingi hutumia chipu ya hifadhi, eMMC, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Hiyo haibadilishwi kwa bisibisi.

5. Ninunue ukubwa gani?

GB 240 au 256 inatosha kwa ofisi, shule na kanisa. GB 480 au 500 ndiyo tunayopendekeza kwa mwenye picha na video. GB 120 hujaa haraka, na SSD iliyojaa hupungua kasi; achia angalau sehemu moja ya tano iwe tupu.

Usishtuke Windows ikikuambia SSD ya 240 ni 223. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili, Windows huhesabu kwa 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyo 480 huonekana kama 447, na 500 kama 465.

6. Ninunue hapa mjini au niagize Nairobi? Na nitaepukaje feki?

Maduka ya kompyuta ya Oginga Odinga Street mjini Kisumu na Kenyatta Avenue mjini Nakuru huwa na SSD za SATA za inchi 2.5 bila shida. mSATA na M.2 ya SATA ndizo huwalazimu wengi kuagiza Luthuli Avenue na kungoja mzigo wa basi. Bei ya Nairobi inaweza kuwa chini kidogo, ila ongeza nauli ya mzigo na ukumbuke kwamba kurudisha iliyokufa ni safari nyingine. Kwa SATA ya kawaida, heri duka unaloweza kulirudia kesho asubuhi ukiwa na risiti.

Kabla ya kulipa, omba iunganishwe na kompyuta ya duka kwa adapta ya USB, kisha ufungue CrystalDiskInfo. "Power On Hours" ya SSD mpya iwe sifuri au saa chache. Namba ya utambulisho wa bidhaa (serial number) kwenye skrini ilingane na iliyoandikwa kwenye kibandiko, na iandikwe kwenye risiti. Baadhi ya adapta hazipitishi taarifa hizi. Zikikosekana, jaribu adapta nyingine kabla ya kushuku diski.

Feki mbaya zaidi ni zinazodanganya ukubwa: zinasema TB 2 au hata 16, na ndani kuna kikadi cha kumbukumbu cha GB chache. Ukiandika kupita ukubwa wa kweli, mafaili ya mwanzo hufutwa kimyakimya. Programu ya H2testw hujaza diski nzima kisha husoma tena ili kuthibitisha. Ifanye nyumbani siku ileile ya kununua, kabla hujaweka kitu.

## Vifaa

7. Nahitaji nini?

Bisibisi ndogo ya nyota namba 0 na namba 1, adapta ya USB kwenda SATA (ya USB 3.0 ukipata), flashi ya GB 8 au zaidi, na kitu chembamba cha plastiki cha kubandulia mfuniko. Ile kadi ya plastiki inayobaki ukitoa laini mpya ya simu inafaa kabisa. Kisu cha jikoni hakifai: huacha alama, na kikiteleza hukata kebo. Baadhi ya HP na MacBook hudai Torx (ncha yenye pembe sita), nyingi T8 na T6 mtawalia.

Kwa skrubu, tumia trei ya mayai. Kila hatua na shimo lake, kwa mpangilio.

8. Umeme tuli unaweza kuua SSD?

Unaweza, ingawa si mara nyingi kama watu wanavyohofu. Nakuru miezi mikavu ya Januari na Februari, ukiwa na sweta ya fleece juu ya zulia la nailoni, ndiyo hali mbaya zaidi. Vua sweta, fanyia kazi juu ya meza ya mbao, gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kushika diski, na uishike kwa kingo. Kisumu hewa huwa na unyevu zaidi na hatari hiyo hupungua. Huko adui ni tone la jasho likidondokea ubao mama. Kaa penye upepo.

## Mafaili na Windows

9. Nikloni diski ya zamani au niweke Windows upya?

Kukloni ni kunakili diski nzima, Windows, programu na mafaili, ili mashine iwake kama ilivyokuwa. Kunafaa kama diski ya zamani ni nzima, Windows haina virusi, na una programu ambazo huwezi kuzipata tena, kama ile ya hesabu ambayo aliyeiweka alishahama.

Kuweka upya kunafaa kwa hali nyingine zote. Kama diski inakufa, usikloni kwa programu ya kawaida. Nenda swali la 21.

10. Nakloni vipi?

Kwanza, kabla ya kukloni, nakili vitu visivyo na mbadala kwenye flashi au diski ya nje: picha, vyeti, kazi ya shule, daftari la chama. Kukloni ni kuhamisha. Hii nakala ya pembeni ndiyo kinga.

Pili, punguza mzigo. Mafaili yaliyopo lazima yatoshe kwenye SSD mpya. Diski ya GB 500 iliyotumika GB 180 itaingia kwenye SSD ya 240, ingawa kwa kubanana. Iliyotumika 300 haitaingia. Futa folda ya vilivyopakuliwa, mwaga pipa la taka, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `powercfg /h off`. Amri hii hufuta faili ya usingizi, ambayo pekee hula gigabaiti kadhaa. Kama afya ya diski ni nzuri, endesha pia `chkdsk C: /f` na uwashe upya.

Tatu, unganisha SSD kwa adapta ya USB na ufungue programu ya kukloni. Samsung, Crucial, Kingston na Western Digital hutoa programu ya bure kwa wateja wao. Kwa SSD ya jina lisilojulikana kuna Clonezilla, ambayo huwaka kutoka kwenye flashi. Ni ya maandishi matupu, na kwa kawaida hutaka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani.

Sasa simama hapa. Programu itakuuliza ipi ni chanzo na ipi ni lengo. Ukigeuza, utanakili utupu wa SSD juu ya maisha yako yote, na hakuna cha kurudisha. Usitegemee "Disk 0" na "Disk 1". Soma jina la mtengenezaji na ukubwa wa kila moja kwa sauti, kisha ubonyeze.

Chagua sehemu zote za diski ya zamani, pamoja na zile ndogo za MB 100 au 500 zisizo na herufi. Ndizo zinazowasha Windows. Wanaonakili C peke yake ndio hurudi na swali la 17.

Ikiisha, zima kabisa. Usiwashe Windows huku diski zote mbili zimeunganishwa. Zina utambulisho mmoja, na Windows huizima moja kati yake.

11. Itachukua muda gani? Na stima ikipotea katikati?

Kwa USB 2.0 tarajia MB 30 hivi kwa sekunde, yaani GB 200 kwa karibu saa mbili. Kwa USB 3.0 kizuizi kinakuwa hadi diski yenyewe, na kazi hiyohiyo ni dakika 40 hivi. Ikipita saa sita bila kusonga, diski ya zamani ina sehemu mbovu.

Stima ikipotea na betri imekufa, SSD itakuwa na nakala isiyokamilika, lakini diski ya zamani ilikuwa ikisomwa tu na kwa kawaida hubaki salama. Anza upya. Hatari ya kweli ni umeme unaporudi kwa kishindo, au radi. Ukanda wa Kakamega, Kisii na Kisumu mvua nyingi za alasiri huja na ngurumo, kwa hiyo anza asubuhi, na mawingu yakikusanyika usiache chaja ukutani.

12. Nikiweka Windows upya leseni itapotea?

Leseni ya Windows 10 na 11 imefungwa kwa ubao mama, si kwa diski. Ukiulizwa namba ya leseni, ruka. Chagua toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home au Pro, na ukiunganisha intaneti litajithibitisha. Laptopu zilizokuja na Windows 8 au baadaye zina namba ndani ya BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama.

Ila baadhi ya ex-UK huuzwa zikiwa na Windows iliyowashwa kwa njia za mkato. Kabla ya kugusa kitu, andika `slmgr /xpr` kwenye Command Prompt. Ikikujibu kwa tarehe ya kuisha, hukuwa na leseni ya kudumu tangu mwanzo.

13. Mashine yangu haikubali Windows 11. Niweke nini?

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Laptopu nyingi tunazozizungumzia hazifiki hapo. Kwa kivinjari, barua na LibreOffice, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, huenda vizuri kwenye GB 4 za RAM, na faili yake ni karibu GB 3, nusu ya ile ya Windows, jambo la maana kwa anayenunua bando. Ijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka: hakikisha Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Asiyeweza kuachana na programu fulani ya Windows abaki na Windows 10, akijua masasisho ya usalama ya bure hayana tena uhakika.

## Kufungua

14. Hatua zenyewe ni zipi?

Zima ukiwa umeshika Shift, ili Windows izime kabisa badala ya kusinzia. Chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20. Kama betri iko ndani, kazi ya kwanza baada ya kufungua ni kuchomoa waya wake. ThinkPad T440 na nduguze zina betri ya ndani hata ukitoa ya nje; kwenye BIOS, sehemu ya "Power", kuna "Disable Built-in Battery".

Tandika leso ya pamba mezani na ulaze laptopu kifudifudi. Toa skrubu, ukikumbuka zile zilizojificha chini ya vimiguu vya mpira, chini ya betri na karibu na DVD. Urefu hutofautiana. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye shimo fupi hutoboa ubao au huinua uvimbe karibu na kibodi.

Mfuniko ukigoma, usivute kwa nguvu. Kuna skrubu moja umeisahau. Daima kuna moja.

Diski hushikwa na skrubu mbili hadi nne kupitia fremu ya bati. Ukizitoa, usiinue diski juu. Isukume pembeni, mbali na kiunganishi, karibu sentimita moja. Itakataa kidogo kisha itaachia ghafla, kama droo iliyovimba kwa unyevu. Sasa inua. Kwenye modeli zenye kebo bapa badala ya kiunganishi cha moja kwa moja, shika kichwa cha kebo, si utepe wake.

Hamisha fremu kwenye SSD kwa skrubu zilezile, kwa kawaida nne za M3 zenye urefu wa milimita 3. Kaza hadi zisimame, basi. Ganda la SSD nyingi ni plastiki au alumini laini na nyuzi zake huliwa upesi. Angalia upande wa kibandiko uwe kama wa diski ya zamani, sukuma hadi dhahabu ya miguso isionekane, na kabla ya kurudisha skrubu zote weka betri, uwashe, uingie BIOS. Ukiiona SSD, zima ufunge. Usipoiona, hujapoteza dakika kumi za kufunga bure.

15. Modeli zinazoonekana sana zina siri gani?

ThinkPad T420 na T430: skrubu moja tu chini, kifuniko kidogo huteleza, vuta diski kwa utepe wake. Hamisha mipira miwili ya pembeni.

Dell Latitude E6420 na E6430: skrubu mbili chini, diski huchomoka kwa ubavuni. Hufungui mashine kabisa.

HP EliteBook 840 G1 na G2: sukuma kitasa cha chini, mfuniko wote hutoka bila bisibisi. Kuanzia G3 mfuniko hushikwa na skrubu.

MacBook Pro ya 2012 isiyo Retina: skrubu 10 za chini za urefu tofauti, kisha vijiti vinne vya T6 kwenye diski. Kebo bapa ya diski kwenye hizi hufa sana. Ukiona folda yenye alama ya kuuliza hata baada ya kuweka SSD mpya, shuku kebo kabla ya SSD. Zile za Retina hutumia SSD ya umbo la Apple pekee.

Laptopu za plastiki za bei nafuu ndizo ngumu zaidi, ajabu kama inavyosikika. Nyingi hudai utoe DVD kwanza, kisha uzungushe plastiki ukingoni hadi vibano vyote viachie.

16. SSD inacheza ndani. Na skrubu moja kichwa chake kimelika.

Pengo la milimita 2.5 huzibwa na fremu ya plastiki inayokuja na baadhi ya SSD. Ukikosa, kata kadibodi ngumu ya ukubwa huo na uibandike upande usio na kiunganishi. Fremu ya bati ikishikwa na skrubu zote nne, mara nyingi hata hiyo haihitajiki.

Kwa skrubu iliyolika, weka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya bisibisi na kichwa, kandamiza kwa nguvu, zungusha polepole. Mpira hujaza pale palipolika.

## Haikuwaka

17. SSD iko ndani lakini laptopu inasema hakuna diski ya kuwashia.

Ingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell na Acer, F1 kwa ThinkPad. HP huandika "3F0" kwa hali hii.

Kama BIOS haiioni SSD kabisa, itoe uirudishe, safisha kiunganishi kwa brashi kavu (vumbi la Nakuru huingia popote), kisha ijaribu kwa adapta ya USB kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana huko, shida ni kebo au kiunganishi cha laptopu.

Kama BIOS inaiona lakini haiwaki, chunguza njia ya kuwasha. Diski iliyopangwa kwa MBR kwa kawaida huwaka kwa "Legacy", na ya GPT huwaka kwa "UEFI". Badilisha, hifadhi, jaribu. Ikikataa zote mbili, uliacha sehemu ndogo wakati wa kukloni (swali la 10). Rudisha diski ya zamani na ukloni tena.

18. Inawaka kisha inatoa skrini ya bluu.

"Inaccessible boot device", au 0x7B, mara nyingi ni mpangilio wa SATA uliobadilishwa kwenye BIOS kati ya IDE na AHCI. Rudisha ulivyokuwa. AHCI ni bora kwa SSD. Ukitaka kuhamia huko kwenye Windows 10, iamuru kwanza iwake kwa "Safe Mode", badilisha BIOS wakati inawaka upya, kisha irudishe kwenye hali ya kawaida.

19. SSD iko lakini kasi sioni.

Tazama RAM kwanza (swali la 1). Kisha mstari wa C7 kwenye CrystalDiskInfo: ukiongezeka kila siku, kebo au kiunganishi hakishiki vizuri. Andika pia `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 ni zuri, maana yake TRIM, amri inayoiambia SSD ni sehemu zipi zimefutwa, inafanya kazi. Na usiendeshe programu za kupanga upya diski za enzi za XP. SSD haifaidiki nazo, huchakaa tu.

20. Nilikloni kwenye SSD kubwa lakini C imebaki na ukubwa wa zamani.

Fungua "Disk Management", bofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Extend Volume". Ikiwa imefifia, kuna sehemu ya urejeshi imekaa katikati. Programu nyingi za kukloni huweza kuisogeza ukirudia kazi na kurekebisha ukubwa mwanzoni.

## Mambo ya pembeni

21. Diski ya zamani inagonga "tak, tak" na mafaili bado yamo.

Izime. Kila dakika inayozunguka ikigonga, kichwa huenda kinakwaruza sahani. Usiiweke kwenye friji: ukitoa, unyevu wa hewa hujikusanya juu yake, na Kisumu utajikusanya haraka. Usiifungue, na usiendeshe chkdsk, inayoandika juu ya diski mgonjwa.

Kama haigongi ila inasoma kwa shida, tumia ddrescue kutoka kwenye flashi ya Linux. Huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwa magumu, na hukumbuka ilipofika hata stima ikikatika mradi umeipa faili ya kumbukumbu. Kama inagonga na yaliyomo yana thamani, ni kazi ya maabara ya kuokoa data, na gharama yake hupita ya laptopu yenyewe.

22. Naweza kuweka diski zote mbili?

Kama laptopu ina DVD, ndiyo. Kuna fremu inayoingia mahali pa DVD. Pima unene, ni milimita 9.5 au 12.7. SSD ikae nafasi kuu, hadi diski ikae ya DVD, kwa kuwa nafasi ya DVD huenda ni ya kasi ndogo. Betri itapungua muda.

23. Diski imefungwa kwa BitLocker, au inadai neno la siri nisilolijua.

BitLocker ni kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski: isimamishe kabla ya kukloni, na uandike karatasini ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48. Neno la siri la diski lililowekwa na ofisi ya awali ni jambo jingine. Ukiweka SSD mpya linaondoka na diski. La BIOS linabaki kwenye ubao mama, na huweza kukuzuia kuwasha kutoka kwenye flashi. Hilo mrudishie muuzaji kabla ya kununua chochote.

24. Nifanye nini na hadi diski ya zamani?

Mwezi mzima, usifanye chochote. Iandike tarehe, iweke kwenye bahasha, droo kavu. Kitu ulichosahau, kama alamisho za kivinjari au folda iliyokuwa kwenye D, hukumbukwa wiki ya tatu.

Baadaye, ikiwa na afya, inunulie kasha la USB la inchi 2.5 na uifanye ya nakala za pembeni. Ukitaka kuiuza, ifomati bila kuweka alama kwenye "Quick Format". Kuanzia Windows Vista hatua hiyo huandika sifuri diski nzima, na GB 500 huchukua saa mbili hivi. Fomati ya haraka hufuta orodha tu, na mafaili hurudishwa na mtu yeyote mwenye programu ya bure. Kwa mwalimu mwenye alama za wanafunzi au mhasibu wa chama, hizo ni taarifa za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihusu. Diski iliyokufa isiyoweza kufutwa, toa skrubu, itoboe sahani kwa drili sehemu tatu ukiwa umevaa miwani: sahani nyingi za diski za laptopu ni za kioo, na hupasuka vipande vidogo sana.